Mshenga wa Ganda la Yai

Saa nne usiku, Ngarenaro,
Lomnyaki wa chipsi anapozima jiko
mimi ndiyo kwanza naingia kazini.
Ananimiminia mafuta yaliyochoka,
meusi kama chai ya msibani,
yamekaanga tangu Jumatatu.
"Na yale mengine?"
Anacheka, ananisukumia ndoo ya maganda:
mayai mia na kitu, ya siku moja.
"Wewe Aikaruwa, mwisho utaniomba hata moshi."

Moshi sihitaji. Nimetoka Moshi,
na nimetoka katika moshi:
mashine ya baba ya kusaga, pale Kiboriloni,
ilitemea weusi kanga za akina mama,
na kikohozi kilituamsha kabla ya jogoo.
Cha mashine au cha baba, hatukutofautisha.

Mwaka wa kwanza nilitumia kostiki ya dukani.
Nilikoroga saa mbili, mkono ukafa ganzi,
asubuhi nikakuta sabuni.
Sabuni! Pipa zima.
Mama mwenye nyumba alifulia mapazia hadi Pasaka
akaniombea nikosee tena.

Basi nikajifunza subira ya vitu vigumu.
Maganda nayaosha, nayaanika, nayaponda,
nayapeleka kwenye tanuri la mfinyanzi, moto wa mia tisa,
hadi weupe wao uwe weupe mwingine.
Kisha upesi kwenye chupa, kifuniko kikazwe:
chokaa hii ikivuta pumzi mbili za chumba
inaanza kurudi ilikotoka, tena na uvivu juu.

Mafuta na methanoli ni watu wasiosemezana.
Watie chungu kimoja,
kila mmoja atageukia ukuta wake.
Wanataka mshenga.
Na mshenga mzuri mnamjua:
halali chumba cha maharusi.
Akishawakutanisha anakung'uta kanzu, anatoka,
kesho ana posa nyingine.
Ganda langu ndivyo lilivyo.
Nalichuja kwa kitambaa, nalikausha, nalirudisha kazini
mara nne.
Mara ya tano limeanza kusahau majina.

Lakini mshenga peke yake huchelewa.
Ndiyo sababu ya beseni hili
nililolinunua kwa sonara aliyefunga duka.
Alikuwa akioshea tanzanaiti.
Dogo kuliko karai, na lina sauti
ambayo sikio la mtu halikupewa.

Nabonyeza.
Kimya.
Ila ngozi ya mafuta inasisimka
kama ya ng'ombe aliyetuliwa na inzi;
vipovu vinazaliwa na kupasuka,
kila kimoja na kofi lake dogo,
na walionuniana wanasukumwa kifua kwa kifua.
Chini ya meza, mbwa wa jirani anasimamisha masikio,
ananitazama, anatoka nje taratibu
kama shemeji aliyeudhiwa na muziki.

Zilikuwa saa mbili. Sasa dakika ishirini na tano.

Jana umeme ulikatika dakika ya kumi na nane.
Nikakaa gizani na kitu kisicho huku wala kule,
nusu mafuta, nusu jina jipya.
Sikuwasha mshumaa; na methanoli mezani, nani angethubutu?
Nilisikiliza Arusha nzima ikiguna,
halafu jenereta ya baa ikaanza kukohoa
na nikajua ni nani nilikuwa namsikiliza.

Asubuhi gliserini imekaa chini, nzito, ya kahawia.
Juu yake imesimama dizeli yangu,
angavu, rangi ya bia isiyo na povu.
Lita kumi na moja.

Jumamosi naipeleka nyumbani.
Kaka yangu Ndekirwa ataishika galoni, atainusa,
atauliza kama nimeleta na kachumbari.
Mashine ikiwaka,
Kiboriloni yote itanukia chipsi,
na akina mama wenye debe za mahindi kichwani
watatazamana: nani anakaanga asubuhi yote hii?

Isipowaka,
mapazia ya mama mwenye nyumba
yamechafuka tena.